Shajara ya mradi: transmita ya AM ya mita 40, na majirani wa pande zote mbili

Jumamosi, 12 Aprili 2025

Mradi una wiki tatu mezani, lakini leo ndiyo naanza kuuandikia. Ninajenga transmita (mtambo wa kurusha sauti hewani) ndogo ya AM ya bendi ya mita 40, yaani masafa ya megahezi 7 hivi, yenye wati 5 za wimbi mbebaji, lile wimbi linalobeba sauti, hapa nyumbani Tabata. Leseni ya redio ya ridhaa, ya wapenzi wa redio wasiofanya biashara, ninayo kutoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na ishara yangu ya wito (jina la hewani) inaanza na 5H kama za wenzangu wote wa nchi hii.

Wenzangu hao karibu wote wanazungumza kwa SSB, yaani wanarusha ubavu mmoja tu wa mawimbi, na hoja wanayo. SSB inakaa kwenye nafasi ya kilohezi 3 hivi na haina wimbi mbebaji la kulisha umeme. AM ina wimbi mbebaji katikati na mbavu mbili, wa juu na wa chini, zinazobeba maneno yaleyale mara mbili. Hata nikijaza modulesheni, yaani sauti inavyolitikisa wimbi mbebaji, asilimia 100 kwa mlio mmoja safi, kila ubavu unapata robo tu ya nguvu ya wimbi mbebaji. Kwangu ni wati 1.25 kila upande. Gharama ni kubwa, lakini naitaka AM kwa sababu ya redio aliyoniachia marehemu baba. Ina masafa mafupi, na SSB ikipita ndani yake husikii neno, unasikia mkwaruzo wa kitu kinachogugumia. AM ikipita humo inatoka sauti ya mtu. Leseni ya ridhaa si leseni ya utangazaji, na kutangaza si nia yangu. Nataka anayenisikia asikie kifua na pumzi ya mtu, jinsi nilivyokuwa nikisikia utotoni nikiwa nimelala mkekani karibu na redio hiyo.

Hali ya kazi mpaka leo: masafa yanazalishwa na kibao cha IC ya Si5351 kinachoongozwa na Arduino, kompyuta ndogo ya kibao kimoja. Mwisho wa mnyororo kuna transista moja ya nguvu, IRF510, kwenye hitisinki ya kuipoza, inakula volti 12 na ampea 0.6, yaani wati 7 na kidogo zinazoingia ili zitoke 5. Modulesheni kamili inataka wati za sauti nusu ya hizo zinazoingia, kwa hiyo wati 3.6, na TDA2030, IC ya kukuza sauti niliyonunua Kariakoo, inaziweza ikilishwa volti 18. Transfoma ya modulesheni ni ya umeme wa kawaida, imetoka kwenye amplifaya iliyokufa. Nimechagua kubwa kuliko inavyohitajika kwa makusudi, maana mkondo wa moja kwa moja unaopita humo unashibisha chuma, na chuma kikishiba sauti inaharibika.

Mzigo bandia nimeutengeneza kwa rezista 20 za kilo-omu 1, wati 2 kila moja, zimeunganishwa sambamba. Jumla omu 50. Majaribio yote yanafanyika hapo, sio kwenye antena.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Ilipopumzika saa kumi nimepandisha waya. Ni dipoli, antena ya waya inayolishwa katikati, ya mita 20, katikati imeinuliwa na bomba la chuma kama mita 9, ncha moja imefungwa kwenye mwembe wetu, nyingine kwenye mnazi wa nyumba ya pili. Niliomba kwanza. Mwenye mnazi aliuliza kama radi itaufuata waya, nikamwonyesha ninapouchomoa nje ya dirisha kila wingu likijikusanya.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimeita hewani kwa mara ya kwanza, sikukuu ya Muungano, saa nne asubuhi. Nilichagua 7.155 megahezi. Nilisikiliza dakika mbili, nikauliza mara mbili kama masafa yanatumika, hakuna aliyejibu, nikaita. Akajibu mzee mmoja wa Kigamboni, fundi redio mstaafu, ambaye nimezungumza naye mara nyingi kwa SSB.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hongera, sauti imefika na ina afya. Sasa nisikilize. Wewe uko 7.155. Nimeshuka mpaka 7.140, nakusikia unakwaruza. Nimepanda mpaka 7.170, bado upo. Nimeweka na kipunguza nguvu, nisije nikakulaumu wewe kwa kosa la redio yangu. Upana huo ni wako."

Halafu akaongeza lililonikaa moyoni mpaka sasa ninapoandika. "Pale 7.146 walikuwepo watu wawili, mmoja dhaifu, yuko mbali. Ulipofungua sauti wakaanza kurudiarudia. Hawakukwambia kitu. Wamehama tu."

Nilizima, nikakaa. Nilikuwa nimesikiliza, ndiyo, lakini nilisikiliza pale ninapotaka kukaa mimi. Sikusikiliza kushoto wala kulia. Na ubaya wa kosa la upana ni kwamba unayemkosea hana njia ya kukufikia. Kwake wewe si mtu, ni kelele. Haelewi neno lako hata moja wala hajui ishara yako ya wito. Anachoweza ni kuinuka na kwenda.

Masika hii kila anayetembea kwa miguu kando ya barabara zetu za ndani anajua gari likipita kwenye dimbwi bila kupunguza mwendo linafanya nini. Dereva anafika salama. Aliyelowa matope anabaki na sare yake ya shule au kanzu yake ya Ijumaa mkononi. Leo mimi nilikuwa dereva.

Jumapili, 27 Aprili

Siku nzima mezani, transmita kwenye mzigo bandia. Nimechomeka kwenye kompyuta kile kipokezi kidogo cha SDR kinachochora mawimbi kwenye skrini, na badala ya antena nimekipa kipande cha waya cha sentimita 10, nguvu ya kupokea imeshushwa kabisa. Hili ni la lazima. Kipokezi kilicholemewa kinachora matope ambayo hayapo, na mtu anaweza kufukuza kosa la transmita wiki nzima kumbe kipokezi ndicho kinachosingizia. Njia ya kujua ni rahisi: punguza mawimbi yanayoingia kwa desibeli 10, yaani nguvu ibaki sehemu moja ya kumi. Kila kitu kikishuka kwa 10, unachoona ni cha kweli. Matope yakishuka kuliko wimbi lenyewe, kosa ni la kipokezi. Yangu yalishuka kwa 10 zilezile. Mzee alikuwa sahihi.

Nikaipigia maiki mlio wa kilohezi 2 kutoka kwenye simu. Nilitegemea mistari mitatu: wimbi mbebaji katikati, na ubavu mmoja kila upande kwa umbali wa kilohezi 2. Iliyotokea ni mistari kwenye 2, kwenye 6 na kwenye 10, pande zote mbili. Mlio mmoja wa simu umekula kilohezi 20.

Filta ya sauti, ya kuzuia milio ya juu, ilikuwepo. Niliijenga vizuri, nikaipima peke yake, ikafanya kazi. Tatizo ni mahali nilipoiweka. Mpangilio wangu ulikuwa maiki, filta, kikata vilele, amplifaya. Kikata vilele ni dayodi mbili zinazozuia sauti isizidi kiwango, ili nikipaza sauti nisipitilize modulesheni. Lakini wimbi laini ukilikata kichwa na miguu linakuwa la mraba mraba, na wimbi la mraba ni mlio wa mwanzo pamoja na milio mipya ya mara 3, mara 5 na kuendelea. Filta ilikuwa imekwisha kusafisha, halafu kikata vilele kinachafua baada yake, na mbele hakuna wa kusafisha tena. Ni kama kufagia uwanja kisha ukamwaga makapi.

Nimeyaandika haya kwa urefu kwa sababu michoro mingi inayozunguka kwa mafundi inaweka filta karibu na maiki, kana kwamba uchafu unatoka mdomoni. Uchafu mwingi unazaliwa ndani ya mtambo.

Jumamosi, 3 Mei

Mpangilio mpya: maiki, kikuza sauti kidogo, kikata vilele, filta, kisha TDA2030. Filta nimeijenga kwa IC ya TL072, kila moja ina vikuzaji viwili, nikapata filta ya ngazi nne. Rezista zote ni kilo-omu 5.1 na kapasita zote nanofaradi 10, kikomo, pale inapoanza kuzuia, kinaangukia kama hezi 3,120. Hatua ya kwanza inakuza mara 1.15, ya pili mara 2.24. Kapasita nimetumia za plastiki. Zile za kauri za bei ndogo zilikuwa zinatofautiana sana nilipozipima na mita.

Kwenye kilohezi 6 ilishusha desibeli zaidi ya 20, vizuri. Kwenye kilohezi 4 ilishusha 9 tu. Sikuridhika, nikaongeza TL072 ya pili yenye thamani zilezile. Sasa kilohezi 4 inashuka 18, na mistari ya kwenye 6 na 10 siioni tena.

Halafu masikio. Nilimwomba dada yangu akae chumba cha pili na redio ya baba, nikamsomea maneno kupitia mzigo bandia, kwa umbali ule redio inashika bila shida. Vokali zetu tano zilipita zote bila jeraha, maana kinachotofautisha a na e, o na u, kiko chini ya hezi 2,500. Kilichopotea ni ncha ya s. Nikisema "saa" aliandika "faa". Nikisema "sumu" aliandika "fumu". Ndani ya sentensi hakukosea hata mara moja. Kwa mazungumzo ya Kiswahili, basi, kilohezi 3 za sauti zinatosha, na kilohezi 3 za sauti katika AM ni kilohezi 6 hewani, kwa sababu ya zile mbavu mbili.

Wapo wanaotaka kilohezi 5 za sauti, yaani 10 hewani, ili isikike kama stesheni ya muziki. Mimi mwenyewe nilikuwa nimechora swichi ya kuchagua nyembamba au pana, pana iwe ya usiku bendi ikiwa tupu. Nimeifuta kwenye mchoro. Bendi inaonekana tupu kwangu kwa sababu antena yangu iko mita 9 Tabata. Kwa mtu wa Mwanza au Nairobi huenda pale pale pana mtu. Swichi ikiwepo najua nitaigusa.

Jumamosi, 10 Mei

Nimeazima osiloskopu, kifaa cha kuchora umbo la mawimbi kwenye skrini. Sauti kwenye mhimili wa mlalo, mawimbi ya transmita kwenye wima, linatokea umbo la trapeza. Modulesheni ikifika asilimia 100 trapeza inachongoka kuwa pembetatu. Ukipitiliza, ncha ya pembetatu inaota mkia mwembamba ulionyooka, na mkia huo ndio muda ambao wimbi mbebaji limekatika kabisa. Kila mkatiko ni teke kwa jirani, hata kama filta ya sauti ni nzuri kiasi gani, kwa sababu hili linatokea baada ya filta.

Nikakuta pia kwamba filta kali inayumba kidogo baada ya kikata vilele. Kilele kilichokatwa sawasawa kinatoka upande wa pili kimevimba. Kwa hiyo sikuweka kikomo cha modulesheni kwenye 100. Nimekiweka kama 85, uvimbe ukija unaishia ndani. Kwa msikilizaji tofauti ya 85 na 100 ni ndogo sana, dada hakuigundua.

Jumapili, 18 Mei

Mvua, umeme umekatika tangu mchana. Betri inaendesha taa tu. Nimekaa na mpango wa bendi wa IARU, umoja wa dunia wa redio ya ridhaa, wa Kanda ya 1, ambayo ndiyo yetu Afrika pamoja na Ulaya.

Mita 40 kwetu inaanza 7.000 na kuishia 7.200. Nusu ya juu, kuanzia 7.100, watangazaji wa kanda yetu waliiachia mwaka 2009, baada ya uamuzi wa mkutano wa dunia wa redio wa 2003. Juu ya 7.200 wapo wao mpaka leo. Kwa hiyo mtu wa AM mwenye kilohezi 6 asikae juu ya 7.197, ubavu wake wa juu utavuka mpaka. Sehemu za sauti zimepangwa kwa upana wa kilohezi 2.7, yaani kipimo cha SSB. AM imeruhusiwa humo kwa sharti moja, kwamba anayeitumia awajali walio kwenye masafa ya jirani. Hakuna namba hapo. Nimeisoma mara kadhaa nikitafuta kilohezi ngapi hasa, halafu nikaelewa kwamba namba inabadilika kila saa, kulingana na nani yuko pembeni.

Nimejichorea karatasi ya kubandika ukutani. 7.110 ni kituo cha mawasiliano ya dharura katika kanda yetu, sikaribii. 7.090 wanakutana wa nguvu ndogo wa SSB, na 7.165 wanatumiana picha. Na hesabu ya jirani: mtu wa SSB kwenye bendi hii anatumia ubavu wa chini, kwa hiyo akisema yuko 7.150 anakaa kuanzia 7.147 mpaka 7.150. Mimi nikiwa 7.155 nakaa 7.152 mpaka 7.158. Kati yetu kuna kilohezi 2 za uchochoro. Lakini yuleyule akiwa 7.158, anakaa juu ya ubavu wangu wa juu wote, na wimbi mbebaji langu linamtolea mluzi sikioni hata nisipotamka neno. Kwa namba zote mbili yuko kilohezi chache tu kutoka kwangu, ila mmoja yuko salama na mwingine nimemkalia.

Jumamosi, 24 Mei

Hewani tena. Safari hii nilisikiliza robo saa, kutoka 7.145 mpaka 7.170, polepole. Wawili walikuwa 7.150 kwa SSB, Kiingereza chenye lafudhi ya Kenya. Juu kulikuwa kimya. Nikauliza kwenye 7.155 kwa SSB kwanza, maana wimbi mbebaji peke yake tayari ni usumbufu kwa ambaye simsikii. Nikauliza tena. Kisha nikafungua AM.

Mzee alikuwa ananisubiri. Baada ya salamu akaanza kushuka bila mimi kumwomba.

"7.152, nakusikia kwa mbali, ukingo wa sauti yako. 7.150, nawasikia wao, wanazungumzia bei ya mbolea. 7.148, sikusikii. Narudia, mwanangu, sikusikii kabisa. Napanda sasa. 7.158, ukingo. 7.160, hakuna kitu. Rudi."

Wale wawili waliendelea kuzungumza muda wote tuliokuwepo. Wala hawakujua kwamba tupo.

Mambo mawili niliyoyashika leo katika kuzungumza kwenyewe. La kwanza, nikiwa natafuta neno naachia kitufe. Katika SSB ukinyamaza hakuna kinachotoka hewani. Katika AM wimbi mbebaji linabaki pale wati 5 nzima, kimya, likipiga mluzi kwa wengine. La pili, nahesabu moja mpaka tatu kabla ya kuanza zamu yangu. Kwenye pengo hilo aliingia kijana wa Morogoro mwenye nguvu ndogo, ambaye bila lile pengo tungemfunika siku nzima. Ni AM yake ya kwanza kuisikia hewani. Aliomba mchoro wa filta, nimemtumia, nikiwa nimeandika juu kwa herufi kubwa: BAADA ya kikata vilele.

Jumamosi, 7 Juni

Jirani mwingine, ambaye hana redio. Mama wa nyumba ya mnazi alikuja kupiga hodi jioni.

"Hodi humu!"

"Karibu mama, shikamoo."

"Marahaba. Mwanangu, hivi ni wewe unayeongea kwenye sabufa yangu? Tamthilia inaendelea, nasikia mtu anasema saba, moja, tano, tano."

Ni mimi. Hili halihusiani na upana. AM ina tabia hiyo: waya mrefu wa spika unakuwa antena, na transista ya kwanza ndani ya amplifaya inaifumbua sauti kama redio ya kawaida, hata iwe na wati 5 tu. Ncha ya dipoli yangu iko mita sita kutoka sebuleni kwake, na mnazi ni wake.

Nilienda na duara tatu za feraiti, pete za kuzuia mawimbi yasipite kwenye nyaya, nikazungusha nyaya za spika na ya umeme mara saba saba. Sauti ikashuka lakini haikuisha. Nikafunga na baluni (kiunganishi cha kebo na antena) chini ya dipoli ili kebo yenyewe isirushe, na ncha ile nikaihamishia kwenye mwembe wa nyuma. Waya sasa umepinda, si dipoli nzuri tena, na upande wa Tanga nasikika vibaya zaidi. Tulijaribu pamoja, mimi naita nyumbani kwangu, dada yuko kwake na simu. Kimya. Feraiti nimemwachia, nimemwambia zisitolewe hata akinunua sabufa nyingine, na saa za tamthilia nimeziandika kwenye ile karatasi ya ukutani, chini ya 7.110.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeingiza kila kitu kwenye boksi la bati. Kitufe cha kiwango cha sauti sikukiweka nje ya boksi, kimebaki ndani na kinahitaji bisibisi.

Filta ya mwisho, ya kuzuia mawimbi ya mara mbili na mara tatu ya masafa yangu, yaani 14.3 na 21.5 megahezi, ipo na imepimwa, koili zake zimezungushwa kwenye duara nyekundu za T50-2. Kinachofuata ni bendi ya mita 10. Mpango wa kanda yetu unaruhusu kilohezi 6 kuanzia 29.000 mpaka 29.200, na AM ina kawaida ya kukusanyika pale. Filta ya sauti itabaki hiihii. Ya mwisho tu ndiyo itabadilika, na IRF510 itabidi isukumwe zaidi.

Mzee ameniomba nimtengenezee na yeye. Vidole vyake havishiki tena pasi ya kulehemu vizuri. Jumatatu natafuta TL072 nne.